Mzigo Haupumui

Mji wa Elkhart na vitongoji vyake, kaskazini mwa jimbo la Indiana nchini Marekani, ndiko zinakotoka nyumba nyingi za magurudumu ambazo Wamarekani huzivuta nyuma ya magari yao wanapokwenda kupiga kambi. Karavani hizo huondoka kiwandani zikiwa na kila kitu: vitanda, jiko, choo, bafu, meza ya kukunja, mapazia na taa za urembo. Eneo hilohilo hutengeneza pia bidhaa nyingine ambayo hakuna anayeitazama mara mbili, nayo ni trela la mizigo lililofunikwa, sanduku la fremu ya chuma na bodi ya aluminiamu ambalo fundi bomba, mtunza bustani au mpiga muziki hulifunga nyuma ya pikapu na kulijaza vifaa vyake. Tusilichanganye na matrela marefu yanayobeba makontena kutoka Mombasa kwenda Kampala. Hili ni dogo, kwa kawaida la futi 6 kwa 12 au 7 kwa 14, yaani kama mita 1.8 kwa 3.7, au 2.1 kwa 4.3. Ukiinama na kuchungulia chini ya bidhaa hizo mbili, utakuta zinafanana kuliko unavyodhani. Ekseli zake mara nyingi ni za kampuni ileile, Dexter, yenye makao yake makuu hapohapo Elkhart. Springi, tairi na kiungio cha kuvutia ni vya aina moja. Zinaachana juu ya ekseli: katika namna kuta zilivyojengwa, katika vilivyomo ndani na, bila shaka, katika bei.

Mfanano huo ndio uliozaa, Marekani na Kanada, desturi ya kununua trela tupu la mizigo na kuligeuza kwa mikono kuwa mahali pa kulala. Hesabu ya wanaofanya hivyo inaeleweka. Trela tupu hununuliwa kwa dola elfu chache. Karavani mpya ya ukubwa wa kawaida hufika makumi ya maelfu, tena mara nyingi kwa mkopo wa miaka 10 hadi 15, kwa kitu kinachoanza kupoteza thamani siku ileile kinapotoka kwa muuzaji. Fremu ipo, paa lipo, magurudumu yapo. Kilichobaki ni godoro na jiko. Hoja ya makala haya ni kwamba hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja linalosahaulika kirahisi. Trela hilo lilibuniwa kwa ajili ya mzigo, na mzigo haupumui, hautoi jasho, hauoni baridi, wala hauhitaji kukimbia nje moto unapozuka usiku wa manane. Kazi halisi ya kuligeuza ni kushughulikia tofauti hizo, na karibu zote hazionekani kwa macho. Anayeanza na uzito, hewa na mlango atapata makao madogo ya kutumainiwa. Anayeanza na makabati na rangi atapata sanduku la kupendeza pichani, na la hatari kwa anayelala ndani yake.

Kujijengea kwenyewe si jambo la pembeni lililobuniwa na wabahili. Sekta nzima ya karavani ilizaliwa nyuani mwa watu. Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, aliingia kwenye biashara hiyo kwa kuuza michoro ya trela la kulala ambalo mtu yeyote mwenye nyundo na msumeno angeweza kulijenga. Kampuni ilifuata mwaka 1931, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, na mwaka 1936 ikatoa Clipper, karavani ya aluminiamu iliyopigwa ribiti kwa mtindo wa bodi za ndege, ya kulala watu wanne, kwa dola 1,200. Karavani za Byam zilifika hata kwetu: mwaka 1959 aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town, na mwaka uliofuata msafara huo ukaingia Cairo baada ya kupita, miongoni mwa nchi nyingine, Uganda, Kenya na Ethiopia. Kwa barabara za wakati ule, kilichowafikisha ni fremu, ekseli na springi. Mapazia yalikuwa abiria tu. Anayenunua trela la mizigo leo anarudi pale pale alipoanzia Byam, kwenye chombo imara kinachoweza kuvutwa mbali, na mengine yote yanaamuliwa na mwenye chombo.

Uimara huo unastahili kuelezwa, maana ndio msingi wa hoja. Karavani nyingi za bei nafuu hujengwa kwa fremu ya mbao nyembamba, kuta za matabaka yaliyogandishwa kwa gundi, na paa lenye matundu mengi: la kiyoyozi, la feni ya bafuni, la bomba la choo, la antena, la dirisha la mwanga. Kila tundu ni mlango wa maji unaosubiri gundi ya kuzibia ikauke na kupasuka. Maji yakishaingia hukaa kati ya matabaka, mbao huoza polepole, na mwenye mali hugundua siku ukuta unapobonyea chini ya kidole chake. Trela la mizigo lina mbavu za chuma zilizochomelewa kila baada ya sentimita 40 au 60, na paa ambalo katika matoleo bora ni bati moja la aluminiamu lisilo na kiungo. Faida hii inazidi hata unafuu wa bei: karibu kila tundu litakalokuwepo juu utakuwa umelitoboa wewe, kwa sababu unayoijua, mahali unapopajua, nawe utajua pa kukagua kila mwaka kabla ya mvua. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ukumbi wa kuuzia karavani ni mahali pazuri pa kuikumbuka methali hiyo. Mwaka 2021, watu wakikimbilia mashambani na nyikani kwa sababu ya korona, viwanda vya Amerika Kaskazini vilipeleka sokoni karavani na magari ya kulala 600,240, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Kasi ya namna hiyo haiachi muda mwingi wa kukagua kila mshono.

Hata hivyo, chuma imara hakimpi mtu hewa, na hapo ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye karavani za viwandani zenyewe. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, serikali ya Marekani kupitia shirika lake la maafa, FEMA, iliwahifadhi makumi ya maelfu ya familia za Louisiana na Mississippi ndani ya karavani zilizonunuliwa kwa haraka. Haukupita muda mrefu wakazi wakaanza kulalamika kuwa macho yanawasha, pua zinatoka damu na vifua vinabana. Mshukiwa alikuwa fomaldehaidi, gesi inayotoka polepole kwenye gundi za mbao za kubandikwa na kusagwa. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipima karavani na nyumba za kuhamishika 519 kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, kikakuta wastani wa sehemu 77 za gesi hiyo kwa kila sehemu bilioni moja za hewa, juu ya kiwango cha kawaida katika nyumba za Marekani. Mwaka 2010 ikapitishwa sheria ya nchi nzima ya kudhibiti gesi hiyo katika mbao za namna hiyo. Mbao zilezile zikiwa kwenye nyumba ya vyumba vitatu hupata hewa tele ya kuzimua gesi. Ndani ya sanduku hakuna pa kuzimulia. Kama watengenezaji wenye wahandisi wa kuajiriwa walisahau kwamba aliyemo ndani atapumua, mjenzi wa uani ana sababu zaidi ya kukumbuka. Achague plaiwudi na gundi zilizothibitishwa kutoa gesi kidogo, na akishamaliza aliache trela wazi kwa muda mrefu kabla ya kulala ndani.

Lakini uzito hutangulia hewa, kwa sababu wenyewe huua barabarani kabla mengine hayajapata nafasi. Trela la futi 6 kwa 12 lenye ekseli moja kwa kawaida huuzwa likiwa na kibandiko kinachosema kwamba likiwa limejaa lisizidi pauni 2,990, yaani kilo 1,356. Namba hiyo inashangaza kidogo, maana ekseli yenyewe mara nyingi ni ya pauni 3,500. Chanzo chake ni sheria. Majimbo mengi yanataka trela liwe na breki zake lenyewe likifika pauni 3,000, hivyo watengenezaji hushusha kiwango kikae chini kidogo ya mpaka, wakauza trela lisilo na breki kwa bei ya kuvutia. Kwa anayehamisha fanicha mara moja kwa mwezi hilo halina neno, kwa kuwa mzigo hupandishwa na kushushwa. Makabati hayashuki. Trela tupu la ukubwa huo lina kilo 600 hivi, kwa hiyo zimebaki kama 750. Ubao mmoja wa plaiwudi wa milimita 18, wa futi 4 kwa 8, unakaribia kilo 30, na mbao kumi ni kilo 300. Tangi la lita 80 za maji ni kilo 80, mbali na tangi lenyewe. Kiyoyozi cha paani ni kilo 40 hivi. Ongeza friji, mtungi wa gesi, betri, godoro, vyombo, nguo, chakula na baiskeli mbili, na nafasi imekwisha kabla mtu hajanunua kitu hata kimoja cha anasa.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kwanza wa kweli kwa anayekwenda dukani ni kununua uwezo wa kubeba, na mapambo yasubiri. Trela lenye ekseli mbili na breki za umeme kwenye magurudumu yote, lililoandikiwa pauni 7,000, yaani kilo 3,175, hugharimu zaidi, lakini ndilo linaloacha nafasi ya kukosea, mradi gari la kulivuta lina uwezo huo. Ushauri wa pili unahusu mahali pa kuweka uzito. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela inapaswa kulalia kiungio cha gari linalovuta. Ukirundika friji, matangi na betri nyuma ya ekseli, kiungio kinakuwa chepesi, na kwenye mteremko au lori kubwa linapokupita, trela huanza kuyumba kushoto na kulia kwa mikupuo inayoongezeka hadi gari lenyewe linatupwa. Hakuna dereva hodari wa kuurekebisha mpangilio mbaya wa makabati akiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Dawa yake ni ya bei ndogo. Vituo vya malori kote Marekani vina mizani za umma, maarufu zaidi zikiwa za CAT Scale, na kwa dola chache mtu hupata karatasi inayoonyesha uzito wa kila ekseli. Mjenzi makini hupima likiwa tupu, hupima katikati ya kazi, na hupima tena likiwa na maji na chakula.

Turudi sasa kwenye hewa, ambayo inahitaji hesabu kuliko mahubiri. Trela la futi 6 kwa 12, lenye kimo cha kumwezesha mtu kusimama, lina hewa ya mita za ujazo 13 hivi. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi haiwezi kushika zaidi ya gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo sanduku zima linashika kama gramu 220 kabla ya maji kuanza kutona. Joto likishuka hadi nyuzi 10, uwezo huo hupungua karibu nusu. Watu wawili waliolala hutoa, kwa pumzi na jasho, zaidi ya nusu kilo ya mvuke usiku mzima. Yaani usiku mmoja huzalisha maji maradufu ya yale ambayo hewa yote ya chumba ingeweza kushika, hata kama jioni ilikuwa kavu kabisa. Ziada hiyo hutafuta mahali penye baridi kuliko pote: mbavu za chuma, vichwa vya skrubu, kioo cha dirisha, chini ya godoro. Baada ya majuma machache panaota ukungu. Jiko la gesi huzidisha mambo, maana kila kilo moja ya propani inapoungua huzaa kilo 1.6 za maji. Hivyo tundu la kwanza linalostahili kutobolewa kwenye lile paa zima ni la feni, ambalo kwa kawaida ni mraba wa inchi 14, kama sentimita 36, pamoja na tundu dogo la kuingizia hewa karibu na sakafu upande wa pili. Feni bila njia ya hewa kuingia inazunguka bure.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi tayari anaijua nusu ya pili ya tatizo hili, kwa kuwa ameingia adhuhuri ndani ya duka lililotengenezwa kwa kontena. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko povu gumu linalotumika kuzuia joto. Kosa la kawaida ni kukata povu hilo vipande vya kuingia kati ya mbavu, kisha kupigilia plaiwudi moja kwa moja juu ya mbavu. Kila ubavu unabaki daraja la joto: mchana wa jangwa la Arizona huingiza jua, usiku wa milima ya Colorado hutoa joto na kuvutia mvuke, na ukutani hujitokeza mistari ya maji inayofuata mbavu moja baada ya nyingine. Suluhisho ni kupitisha tabaka jembamba la povu lisilokatika juu ya mbavu zote kabla ya ubao wa ndani, hata kama unapoteza sentimita mbili za upana, na kuziba kila mshono kwa utepe ili hewa yenye unyevu isipenye kufika kwenye bati. Sakafu nayo isisahaulike, maana upepo hupita chini yake safari nzima. Yote haya yakishafunikwa hakuna mgeni atakayeyaona, na ndiyo maana huachwa.

Kuhusu moto na sumu, sanduku lina tabia moja ambayo anayelinunua kwa mara ya kwanza haioni kwa urahisi: liliumbwa kufungwa kutoka nje. Mlango wa nyuma hukazwa kwa pau za chuma zinazozungushwa na mtu aliyesimama barabarani, na katika matrela mengi hata mlango wa pembeni una pau ya namna hiyohiyo. Kwa mzigo huo ni ulinzi. Kwa mtu ni mtego, kwani jirani mwenye nia njema anayeona pau imelegea anaweza kuikaza huku wewe umelala. Mlango wa pembeni lazima ubadilishiwe kitasa cha karavani kinachofunguka kutoka ndani, na lazima pawepo njia ya pili ya kutokea, kwa mfano dirisha linaloweza kufunguliwa lote, upande usiokuwa na jiko. Mtungi wa gesi hukaa nje, juu ya mkono wa kuvutia, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa na ikivuja ndani hulala sakafuni ikisubiri cheche. Kipasha joto kinafaa kiwe kile kinachovuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake, iwe ni cha dizeli au cha gesi. Kengele ya moshi, kengele ya kaboni monoksaidi na kizimamoto karibu na mlango hazizidi bei ya godoro zuri, na hazina mbadala.

Umeme ndio sehemu inayozungumzwa sana, ingawa ni rahisi kuliko zilizotangulia, kwa kuwa hesabu zake hazina siri. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma-fosfeti yenye ampea-saa 100 kwa volti 12.8 hubeba wati-saa 1,280, ikiwa na uzito usiofika nusu ya betri ya asidi yenye namba hiyohiyo. Friji ndogo ya kompresa, feni, taa na kuchaji simu havimalizi kiasi hicho kwa siku, na paneli ya sola ya wati 200 inaweza kurudisha sehemu kubwa siku ya jua kali. Kiyoyozi cha paani, kinachokula zaidi ya wati 1,000, kitaimaliza betri hiyo kwa saa moja hivi. Kwa hiyo swali la umeme ni swali moja tu: unataka kiyoyozi, au hutaki? Anayekitaka anajenga kituo cha umeme chenye uzito wake, au analala penye nguzo ya kuchomekea. Asiyekitaka anarudi kwenye feni na povu. Jambo moja la kukumbuka majira ya baridi ni kwamba betri hizo zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri, la sivyo huharibika kwa namna isiyorekebishika. Mahali pake ni ndani, pamoja na watu.

Kuna mapingamizi matatu yanayostahili jibu. La kwanza linasema kwamba ukijumlisha vifaa na saa za kazi, unafuu unayeyuka. Ni kweli kwa anayetaka kunakili karavani ya kiwandani. Mwenye watoto watatu, anayehitaji bafu, choo cha kuvuta maji na kiyoyozi, anunue iliyokwisha kujengwa, hata iliyotumika, mradi aikague vizuri kama imeingiwa na maji. Akiijenga mwenyewe, itakuwa kwa gharama kubwa zaidi na kwa ubora mdogo zaidi. Trela la mizigo linamlipa mtu ambaye mahitaji yake ni machache na anayajua: mpiga picha, mwendesha baiskeli, mstaafu, fundi anayelala karibu na kazi. Kila anachokiacha kinampunguzia uzito, tundu la paani na chanzo cha mvuke kwa pamoja, ndiyo maana kujinyima hapa ni uhandisi. Tena trela la namna hiyo linaweza kurudi kuwa trela. Kitanda kikifunguliwa boliti, sanduku hubeba tena.

Pingamizi la pili ni la usalama na sheria. Karavani za viwandani hujengwa kwa kufuata kiwango kinachoitwa NFPA 1192, kinachogusa moto, gesi na njia za kutokea, na zile za wanachama wa chama cha sekta hubandikwa muhuri wa RVIA. Trela la kujijengea halina muhuri. Baadhi ya kambi binafsi hulikataa, baadhi ya kampuni za bima huhitaji maelezo marefu, na majimbo yanatofautiana kuhusu kubadilisha usajili wake. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake si kulipuuza. Kiwango hicho kinaweza kusomwa na mtu yeyote na kufuatwa bila muhuri. Picha za kila hatua ya ujenzi, kabla kuta hazijafunikwa, ndizo ushahidi bora kwa mkaguzi na kwa bima. Lakini tusidhani kwamba sheria inalinda kila kitu. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, inapoamua kama chombo kinaweza kuhesabiwa nyumba kwa ajili ya punguzo la riba ya mkopo, huuliza kama kina mahali pa kulala, pa kupikia, na choo. Ni mambo matatu mazuri, na hewa haimo.

Pingamizi la tatu ni la kijamii: je, hii si njia ya kuupaka ufukara rangi ya utalii? Swali ni zito, kwa sababu katika nchi ambayo kodi za nyumba zimepanda, wapo wanaogeuza trela kwa kukosa pa kwenda. Kitabu cha Jessica Bruder kiitwacho Nomadland, cha mwaka 2017, na filamu ya Chloé Zhao iliyotokana nacho na kushinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021, viliwaonyesha wazee wanaoishi barabarani wakifanya vibarua vya msimu. Kila majira ya baridi wengi wao hukusanyika Quartzsite, Arizona, kwenye ardhi ya umma chini ya shirika la BLM, ambalo husimamia takriban hekta milioni 99. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo humruhusu mtu kukaa siku 14 kisha ahame, na karibu na Quartzsite kuna maeneo ya kukaa msimu mzima kwa kibali ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 180. Mijini hali imekaza: Juni 2024, katika kesi iliyohusu mji wa Grants Pass, Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala kwenye maeneo ya umma. Trela haliwezi kuwa jibu la uhaba wa nyumba, na anayelisifu kama jibu anaisaidia serikali kukwepa wajibu wake. Hata hivyo, ukweli huo unaongeza uzito wa hoja hii. Anayekwenda kambini siku mbili atavumilia ukungu na mvuke. Anayeishi humo miezi sita, akiwa na umri wa miaka 70 na kifua kibovu, hawezi. Maarifa ya feni, povu na mlango yanamhusu yeye kuliko mtalii.

Kutokana na yote haya, mpangilio wa kazi unajipanga wenyewe, na unaanza kabla ya msumeno. Trela likishanunuliwa, lipimwe likiwa tupu, libadilishiwe kitasa, liwekewe kengele zake, kisha mwenye mali atupe godoro sakafuni na kulala humo usiku kadhaa katika hali tofauti za hewa, mlango wa pembeni ukiachwa wazi kidogo kwa sababu tundu la hewa bado halijatobolewa. Asubuhi moja ya baridi itamwonyesha kwa kidole ni mbavu zipi zinatona maji. Adhuhuri moja itamwambia dirisha liwe upande gani. Na mara mbili tatu za kutafuta taa gizani zitamfundisha mahali pa swichi kuliko mchoro wowote. Vitu atakavyokuwa amevihitaji usiku huo ndivyo vya kujengwa kwanza, vikiwa vyepesi iwezekanavyo, na asivyovihitaji vibaki dukani. Makabati yaje mwisho, baada ya mizani kusema kama kuna kilo zilizobaki kwa ajili yake.